Tunaomba Hata "Hapana": Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Ajira Nyanda za Juu Kusini

Kwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za mikoa hiyo. Na kwa maofisa utumishi na mameneja rasilimali watu wa taasisi na kampuni zinazoajiri huku kwetu.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUJIBIWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sentensi hiyo nimeiandika mara 63 tangu nilipomaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2020. Nina uhakika na hesabu hiyo kwa sababu kila ombi ninalolituma huliingiza kwenye kaunta buku niliyoichorea safu tano kwa rula: tarehe, ofisi, nafasi, gharama, jibu. Safu nne za mwanzo zimejaa. Safu ya tano ina maandishi kwenye mistari 9, na mistari 54 iliyobaki ni myeupe kama nilivyoichora. Leo naiandika sentensi hiyo kwa mara ya 64, na kwa mara ya kwanza siombi kazi. Naomba kujibiwa, mimi na wenzangu, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

Nalisema hili mapema ili msomaji mwenye shughuli nyingi asiiweke barua hii kando akidhani ni kilio kingine cha kijana anayetaka Serikali imtafutie kiti. Hesabu ya viti tunaifahamu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 135,000, yaani watu zaidi ya 84 kwa kila kiti kimoja. Mwanzoni mwa mwaka huo huo walimu 201,707 waliomba nafasi 14,648. Niliposoma takwimu hizo sikukata tamaa, na huenda hilo likawashangaza. Nilitulia. Kwa mara ya kwanza niliona ukubwa wa foleni niliyosimama, nikaelewa kwamba kukosa katika foleni kama hiyo si lazima kuwe ni uzembe wangu, wala laana, wala matokeo ya kutokuwa na mjomba ofisini. Mtu anayejua kwamba mbele yake wapo 83 anaweza kupanga namna ya kusubiri. Anayesubiri bila kujua kama foleni ipo, au kama dirisha lilifungwa tangu juzi, huyo ndiye anayeugua.

Kwa hiyo ninachokiandikia ni huku kuachwa bila neno, ambako huku kwetu kumekuwa desturi kiasi kwamba wanaofanya hivyo hawaoni tena kama ni tendo. Ombi linapokelewa, linagongwa muhuri, linaingia masjala, halafu halisikiki tena. Ukirudi baada ya mwezi, dada wa masjala, ambaye mara nyingi ni mtu mwema asiye na mamlaka yoyote, atakwambia faili limepanda kwa bosi. Ukirudi tena, bosi yuko Dodoma kikaoni. Mara ya tatu unaona haya kurudi, na hapo ndipo jambo linapoishia, bila mtu yeyote kukukatalia.

Mnaweza kudhani kwamba asiyekataliwa amebakiwa na matumaini. Naomba niwaeleze matumaini ya namna hiyo yanavyofanya kazi, kwa mfano mmoja wa mwaka jana. Nilikuwa Isyonje, kule ambako barabara ya Uyole kwenda Tukuyu inapanda mpaka ikaingia kwenye ukungu, na ambako malori hupakia viazi mviringo vya kwenda Dar es Salaam. Kazi yangu pale ni kuhesabu magunia yanapopanda garini na kuyaandika; siku ya upungufu wa watu nabeba pia. (Magunia yenyewe ni ya lumbesa, yenye vilemba vilivyoshonwa mpaka vikapita urefu wa mtoto wa darasa la pili, na sheria ya vipimo inayakataza, lakini hilo lina barua yake.) Saa tatu asubuhi, tukiwa kwenye gunia la arobaini na kitu, simu iliita kwa namba ngeni. Wenzangu wenye vyeti mnajua namba ngeni inavyopokelewa. Niliruka kutoka ubavuni mwa lori, nikafuta udongo mikononi kwa suruali, nikasogea kwenye migomba ili sauti za wapakiaji zisisikike, nikasema "Haloo" kwa sauti ya mtu aliyekaa mezani.

Alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili safi cha ofisini. Alinitaja kwa majina yangu matatu. Alitaja nafasi niliyoomba na mwezi niliopeleka barua. Akanipongeza, akasema kilichobaki ni vipimo vya afya vya Sh 35,000, nitume kwa namba atakayonipa kabla ya saa sita kwa kuwa orodha inafungwa. Nilimwambia nina Sh 20,000. Akajibu kwamba si neno, nitangulize hiyo. Hapo ndipo nilipozinduka, maana ofisi ya kweli haipatani bei. Niliporudi kwenye lori hesabu ilikuwa imenipotea, magunia ikabidi yashushwe safu mbili na kuhesabiwa upya, na mwenye mzigo, ambaye simlaumu, akamweka mtu mwingine kwa siku mbili zilizofuata.

Sekretarieti ya Ajira imetangaza mara nyingi kwamba haitozi mwombaji hata senti, na sote tunayafahamu matangazo hayo. Mimi pia nilikuwa nayafahamu asubuhi ile. Lakini waheshimiwa, fikirini jambo hili: kati ya ofisi zote zilizokuwa na barua zangu mwaka ule, tapeli ndiye pekee aliyenipigia simu. Yeye ndiye aliyesoma jina langu lote. Yeye ndiye aliyekumbuka mwezi nilioomba. Mtu huyo analima katika shamba ambalo ninyi mmeliacha pori, na kila ombi lisilojibiwa ni mbegu yake. Kama ningekuwa nimekwisha kupata ujumbe wa maneno kumi kwamba nafasi ile ilijazwa, simu yake isingenitoa kwenye lori hata kwa dakika moja.

Juu ya gharama nitasema kidogo, ingawa ndiyo inayouma kwa karibu zaidi. Nimejumlisha safu ya nne ya daftari langu, nikapata Sh 874,500 kwa miaka yote hiyo: nakala, kuskani, picha ndogo, muhuri wa wakili kwenye kila nakala ya cheti, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, bahasha, nauli, na usiku mmoja wa Dodoma niliolala kwenye benchi la stendi kwa sababu ujumbe wa kuitwa kwenye usaili ulifika saa nane mchana na usaili wenyewe ulikuwa kesho yake asubuhi. Kwa malipo ya Isyonje, ambayo ni Sh 12,000 kwa siku ikiwa mzigo upo, hizo ni karibu siku 73 za kazi. Nimefanya kazi siku 73 ili niombe kazi. Sidai kurudishiwa. Nauliza tu kwa nini taasisi ambayo haijaamua hata kunisoma inataka nakala zilizothibitishwa na wakili, wakati ingeweza kudai uthibitisho huo kwa wale watano au kumi itakaowaita. Hilo halihitaji bajeti wala kibali, linahitaji mtu abadilishe mstari mmoja kwenye tangazo.

Sasa niwaeleze juu ya "hapana" iliyonisaidia kuliko "njoo wiki ijayo" zote nilizowahi kupewa.

Julai 2024 nilifanya usaili wa kuandika katika ofisi moja mjini Njombe. Baridi ilikuwa ya Njombe kwelikweli, vidole vilikuwa vizito kwenye kalamu, na nilitoka nikijua kwamba sikufanya vizuri lakini sijui ni wapi. Baada ya wiki tatu nikapokea barua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na afisa utumishi alikuwa ameisaini kwa mkono wake. Ilisema sikuchaguliwa, ikataja alama zangu, 58, na alama iliyohitajika ili kuendelea na mahojiano, 65, kisha ikaongeza sentensi moja ambayo naamini haikumgharimu mwandishi wake dakika mbili, kwamba nilipoteza alama nyingi katika maswali yanayohusu Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na matumizi ya mfumo wa NeST.

Kwa wasio wa fani yetu, NeST ndio mfumo wa kielektroniki ambao manunuzi yote ya umma hupitia tangu mwaka 2023, baada ya ule wa zamani, TANePS, kuachwa. Mimi nilihitimu mwaka 2020. Nilichofundishwa darasani kilikuwa kimezeeka nikiwa kwenye magunia ya viazi, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Niliendelea kuomba kazi nikiwa na elimu ya mfumo unaokufa, huku nikidhani tatizo ni kukosa koneksheni. Baada ya barua ile niliazima kompyuta mpakato ya rafiki yangu kila Jumamosi, nikapakua sheria yenyewe na miongozo ya mfumo, nikasoma kwa miezi minne. Usaili wa kuandika uliofuata nilipita. Kwenye mahojiano nilishindwa na mtu aliyekuwa na uzoefu kunizidi, na hilo nililikubali bila kinyongo, kwa sababu safari hii nilijua nimeshindwa wapi.

Siku barua ya Njombe ilipofika, Mama alikuwa akipanga parachichi kwenye beseni za kupeleka barabarani. Aliuliza, "Wamekujibu?" Nikasema, "Wamekataa, Mama." Akanyoosha mkono, akaipokea, akaigeuza pande zote mbili ingawa hakuwa na miwani yake, akasema, "Lakini wamekujibu." Halafu akasema "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, kama vile ameletewa zawadi, akaiingiza kwenye kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni, na iko pale mpaka leo. Mama yangu alikuwa ameacha kuniuliza habari za kazi tangu mwaka 2022. Baada ya siku ile alianza kuuliza tena.

Wahenga walisema akunyimaye kunde amekupunguzia mashuzi. Asiyekunyima wala asikupe, huyo amekuacha umeinjika sufuria ya maji na kuni zinateketea.

Wapo viongozi wanaosema vijana wa siku hizi wanachagua kazi. Sitabishana nao kwa urefu. Waje Uyole saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, wahesabu wenye shahada miongoni mwa wanaogombea kushusha kabichi. Wengine husema tujiajiri, na hapo napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ushauri huo si mbaya, ila nao huishia kwenye meza ile ile isiyojibu.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri. Ulisimamishwa mwaka 2023 kwa kasoro zilizoonekana, ukarejeshwa mwaka 2024, nasi tulifurahi. Katika halmashauri ambayo sitaitaja, kwa kuwa sitaki barua hii igeuke mashtaka, kikundi chetu cha watu sita kilipeleka andiko mwezi Septemba tukiomba fedha za mbegu, mbolea na kukodi ekari tatu. Kila mkulima wa nyanda hizi anajua kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, na kwamba shamba lisilotayarishwa kabla ya Desemba limekwisha kuutupa mwaka. Mwenye shamba alitushikia Oktoba yote, akatushikia Novemba, katikati ya Desemba akaomba radhi akampa mwingine. Mwezi Machi tulipigiwa simu kwamba andiko letu halikuwa na saini moja ya mtendaji.

Saini moja! Kama tungeambiwa Oktoba, tungeitafuta siku hiyo hiyo. Kama tungekataliwa Oktoba, mmoja wetu alikuwa na shangazi mwenye ng'ombe wawili aliokuwa tayari kuwauza ili tuanze na ekari moja, lakini sisi wenyewe tulimwambia asiwauze kwanza, tusubiri mkopo. Hasara yetu haikutokana na kunyimwa fedha. Ilitokana na kukaa miezi sita tukiwa hatujui kama tumenyimwa, katika nchi ambayo mvua haimsubiri afisa maendeleo ya jamii. Ndiyo maana nasema tarehe ya jibu ni sehemu ya msaada wenyewe, na katika kilimo huenda ni nusu yake.

Babu mzaa mama alikuwa kibarua wakati reli ya TAZARA inajengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, kwenye kile kipande kigumu cha Mlimba kupanda Makambako, chenye madaraja na mahandaki. Alikuwa akituhadithia mengi, mengine ya kutiliwa chumvi, lakini moja alilirudia bila kulibadilisha: kwamba jioni nyapara alisimama juu ya jiwe akasoma majina ya watakaoendelea kesho, na asiyesikia jina lake alijua usiku ule ule kwamba afunge mzigo ajaribu kambi nyingine. Hapakuwa na kompyuta wala ujumbe mfupi wa simu. Palikuwa na mtu mmoja, karatasi moja, na jiwe la kusimamia. Nimemkumbuka babu mara nyingi, hasa nilipokuwa nikienda kwenye geti la kampuni moja ya ujenzi kwa siku 19 mfululizo nikiambiwa "njoo kesho", mpaka mlinzi, Mungu ambariki, aliponivuta pembeni akaninong'oneza kwamba nafasi zilijaa tangu wiki ya kwanza. Siku 19 hizo nazo ziko kwenye daftari, bajaji kwenda na kurudi.

Najua jibu ambalo ofisi nyingi zitatoa: maofisa utumishi ni wachache, waombaji ni maelfu, haiwezekani kumwandikia kila mmoja. Ni kweli kwamba haiwezekani kumwandikia kila mmoja barua kama ile ya Njombe, nami siombi hivyo. Lakini Baraza la Mitihani huwajibu mamia ya maelfu ya watoto kila mwaka kwa siku moja, kwa orodha ya namba na matokeo, na hakuna mtoto anayeambiwa arudi wiki ijayo. Mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira nao humwonyesha mwombaji ombi lake limefika hatua gani; na ni haki kusema pia kwamba siku hizi usaili mwingi unafanyika mikoani, jambo ambalo limetuondolea mabenchi ya stendi. Kinachowezekana Dodoma kwa nchi nzima hakiwezi kushindikana kwa halmashauri moja yenye nafasi tatu za mtunza kumbukumbu, wala kwa kampuni ya chai, ya mbao au ya parachichi, iwe Mufindi au Rungwe, inayotafuta mtunza stoo. Orodha iliyobandikwa ukutani inatosha. Kwenye ofisi ya kata moja niliyoingia mwezi uliopita, tangazo la juu kabisa kwenye ubao lilikuwa la chanjo ya mbwa ya mwaka 2023, pini zake zimeota kutu. Nafasi ya kubandika karatasi ipo.

Hivyo naomba kila tangazo la kazi au la mkopo litaje, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuomba, tarehe ya mwisho ya kujibu. Na tarehe hiyo ikifika, ubandikwe waraka wenye idadi ya walioomba, idadi ya walioitwa, na lini nafasi ilijazwa. Idadi hiyo msiidharau. Mimi nimewaeleza ilivyonituliza. Mwenzangu mmoja, mhitimu wa ualimu, alikuwa amefikia kuamini kwamba amerogwa, na aliyemtoa kwenye imani hiyo hakuwa mchungaji, ilikuwa ile takwimu ya walimu 201,707.

Naomba vilevile wanaojitolea wapewe maandishi. Nilijitolea miezi 14 kwenye stoo ya taasisi moja. Nilijaza leja, nilipokea mizigo, nilihesabu mali kila mwisho wa robo, na siku mkaguzi alipokuja mimi ndiye niliyemwonyesha rafu. Nilipoondoka niliomba barua ya kuthibitisha hayo. Nikaambiwa barua hutolewa kwa watumishi, nami si mtumishi. Matangazo yenu mengi yanataka uzoefu wa miaka mitatu. Miezi 14 yangu iko wapi? Ipo kichwani mwangu na kwenye leja iliyoandikwa kwa mwandiko wangu, ambayo siruhusiwi kuitoa kabatini.

Na naomba chumba. Kila Jumapili baada ya ibada tunakutana watu saba, kaka wanne na dada watatu, kwenye baraza la duka ambalo mwenyewe huwa halifungui siku hiyo. Mmoja anakuwa mwajiri, mwingine mwombaji, watano wanasikiliza na kukosoa. Tunachangia nakala, tunaazimana viatu vya usaili (jozi moja nyeusi, namba 42, imekwenda kwenye usaili mara nyingi kuliko mmoja wetu yeyote), na tunasomeana majibu tuliyopata, ambayo ni machache, kwa hiyo kila moja tunalisoma kwa makini kama waraka wa maaskofu. Wawili wameshapata kazi, nao hurudi Jumapili wakipata nafasi, kutueleza waliulizwa nini. Mvua zikianza tunahama, kwa sababu baraza lile linavuja. Kumbi za kata hazina watu siku hiyo. Ufunguo ungetosha, mafundisho ya ujasiriamali na fulana zenye maandishi tunazo.

Wengi huniuliza napata wapi nguvu ya kuendelea kuomba. Sina siri. Naamka saa kumi na moja kwa sababu magunia hayasubiri, nasoma kurasa kumi za sheria ya ununuzi kabla sijalala kwa sababu sitaki kupitwa tena, na Jumapili nakwenda kwenye baraza kwa sababu sita wengine watauliza niko wapi. Kuna siku ambazo hayo yote hayatoshi, nami nalala na simu kifuani mpaka saa nne, nikingoja namba ngeni. Siku hizo sikufikia kwa kukataliwa. Zote, nikizitazama kwenye daftari, zinaangukia kwenye vipindi ambavyo mistari ya safu ya tano ilikuwa myeupe kwa miezi mitatu au minne mfululizo. Nina deni la Bodi ya Mikopo, na naiwazia kwa hamu siku nitakayokatwa asilimia 15 ya mshahara. Nadhani ni wachache waliowahi kutamani makato kama mimi.

Mwisho, kuna barua yangu moja ambayo ingali kwenye mojawapo ya ofisi zenu. Niliipeleka kwa mkono tarehe 11 Februari, kwenye bahasha ya kaki, kuomba nafasi ya mtunza stoo msaidizi. Nakala niliyobaki nayo ina muhuri wa bluu wa "IMEPOKELEWA" na herufi mbili za aliyeipokea. Dada wa masjala alinieleza mara ya mwisho kwamba faili lilikuwa juu. Kama nafasi ile ilijazwa, naomba mtu alishushe faili hilo, aandike neno moja pembeni mwa barua, na anipigie kupitia namba iliyo chini ya saini yangu. Nitaipokea hata kama niko juu ya lori.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu wa ununuzi na ugavi,
Uyole, Mbeya.